Usife Bure: Namna ya Kupanda Ranki katika Counter-Strike 2

Shikamooni wazee wangu. Walimu na wazazi mliofika, asanteni kwa kutenga mchana wenu. Na ninyi vijana wa Chikongola, Ligula, Shangani na Mikindani, pamoja na wenzetu mliopanda basi asubuhi kutoka Lindi: Mtwara kuchele!

Nitaanza na wazazi kwa sababu najua wengi hamtakaa hadi jioni. Counter-Strike 2 ni mchezo wa kompyuta wa timu mbili, watu watano kwa watano. Upande mmoja unabeba bomu na kutafuta kulitega katika moja ya sehemu mbili, A au B. Upande wa pili unalinda. Raundi moja ina dakika 1 na sekunde 55. Baada ya raundi 12 timu zinabadilishana pande, na timu itakayotangulia kufikisha raundi 13 ndiyo imeshinda. Kampuni ya Valve iliutoa tarehe 27 Septemba 2023. Mtoto akikwambia, "Mama, sasa hivi siwezi kuacha," mara nyingi anasema kweli. Akitoka katikati ya mechi anawaacha wenzake wanne peke yao, na mchezo unamfungia: kwanza nusu saa, akirudia saa mbili, kisha siku nzima, mwisho siku saba. Kwa hiyo mzazi, mpangie saa ya mwisho ya kuanza mechi. Ukimpangia saa ya kuzima tu, mtagombana kila siku na hakuna atakayekuwa na kosa.

Sasa nanyi vijana. Ranki mnayoitafuta iko upande wa Premier, yaani mechi za ushindani zenye namba, na kuingia huko lazima akaunti iwe na hadhi ya Prime, ambayo Valve inaiuza dola 14.99. Ukishinda mechi 10 unapewa namba. Chini ya 5,000 ni kijivu, kuanzia 5,000 ni buluu mpauko, 10,000 buluu iliyokolea, 15,000 zambarau, 20,000 waridi, 25,000 nyekundu, na 30,000 kwenda juu ni dhahabu. Kabla mechi haijaanza, skrini inakuonyesha mkishinda utaongezewa ngapi na mkishindwa utakatwa ngapi. Itazameni vizuri skrini hiyo. Imeandikwa kabla hujapiga risasi hata moja. Ukiua 30 na timu ikafungwa 13 kwa 9, unakatwa ile ile iliyoandikwa mwanzo.

Hapo ndipo wengi wetu hatujaelewa tunachokishindania. Tunahesabu tuliowaua, wakati namba inahesabu raundi. Na raundi nyingi za huku chini, kuanzia kijivu mpaka buluu, zinapotea kwa sababu moja: watu wanafa bure. Kufa katika mchezo huu utakufa tu, hata walio kwenye dhahabu wanakufa. Ninachoomba mkifuatilie kila mara ni je, kifo chako kimelipwa? Kimelipwa maana yake aliyekuua naye ameuawa na mwenzako ndani ya sekunde mbili. Hapo mnabaki wanne kwa wanne, na mmeshajua adui alikaa wapi. Kisipolipwa mnabaki wanne kwa watano, na aliyekuua amesogea kwingine ambako hakuna anayemjua.

Lakini kabla ya kufika huko, kuna vifo ambavyo mkono wako hauna hatia navyo.

Seva za Valve, yaani kompyuta zinazoendesha mechi, zilizo karibu nasi kwa upande wa kusini ziko Johannesburg. Risasi yako inasafiri kutoka Mtwara hadi huko na kurudi. Katika mipangilio ya mchezo kuna mahali pa kuweka kikomo cha pingi, yaani muda wa kwenda na kurudi huko. Kiwekeni chini, ili mchezo usiwapeleke seva ya Ulaya usiku wa manane kwa kuwa tu huko kuna watu wengi. Pia kuna sehemu ya vipimo inayoonyesha pingi, fremu (picha kwa sekunde) na pakiti za data zinazopotea wakati unacheza. Iwasheni. Pingi ya 90 isiyotikisika inachezeka vizuri kuliko pingi inayoruka kati ya 50 na 160, kwa sababu mkono huzoea kuchelewa kusikobadilika, ila hauwezi kuzoea kinachobadilika kila sekunde.

Pingi inayoruka hivyo mara nyingi chanzo chake kiko ndani ya nyumba. Tumieni waya kutoka kwenye ruta hadi kwenye kompyuta. Kama mnatumia intaneti ya simu, unganisheni simu kwa waya wa USB badala ya hotspoti ya hewani. Mtu mmoja akiwa anapandisha video kwenye ruta hiyo hiyo, pingi ya wote inapanda hata kama bando lina kasi. Katika ukumbi wenye mashine nyingi, mwenye ukumbi azuie masasisho ya Windows na ya Steam, programu ya Valve ya kupakulia michezo, yasijifanye saa za mechi. Na siku ambazo intaneti imezorota nchi nzima, kama ilivyotokea Mei 2024 zilipokatika nyaya za baharini za EASSy na SEACOM, chezeni mazoezi. Mechi ya ranki siku hiyo ni kutoa pointi sadaka kwa asiyezihitaji.

Kuhusu bando: kucheza kwenyewe hakuli sana, kinachomaliza ni kupakua. Valve wanataka nafasi ya GB 85 kwenye diski, RAM ya GB 8, na prosesa ya kiwango cha Core i5 750 au zaidi. Msipakue kila mmoja kivyake. Mmoja apakue kwa bando la usiku, kisha mashine nyingine zinakili kutoka kwake kupitia ruta hiyo hiyo. Steam ina uwezo huo tangu 2023, na mnauwasha kwenye mipangilio ya upakuaji. Unaokoa fedha, na unaokoa siku.

Mashine za pwani zina shida yake nyingine. Joto, unyevu na hewa ya chumvi ya Shangani vinaharibu feni. Feni ikichoka, prosesa inajipunguzia kasi ili isiungue, na fremu zinashuka kutoka 120 hadi 50 katikati ya mapambano. Ukiona mechi ya kwanza ni laini na ya tatu inakwama, hilo ni joto. Fungua kava, toa vumbi kwa brashi laini, weka pesti mpya kwenye prosesa kama ya zamani imekauka, na usiibane mashine ukutani. Punguzeni ukubwa wa picha na mapambo yote, isipokuwa vivuli vya wachezaji: viacheni vionekane, maana kivuli cha adui hutangulia kutokea kwenye kona kabla ya mwili wake. Umeme ukikatika, UPS ndogo itawapa dakika chache tu. Chomekeni na ruta humo. Wengi huchomeka kompyuta peke yake, kisha mashine inabaki inawaka bila intaneti.

Hayo yakikaa sawa, turudi kwenye kulipa.

Mlio na mazoea ya kwenda Nangwanda Sijaona kutazama mpira mnajua beki wa pembeni akipanda, kiungo anashuka kuziba nafasi yake. Hamngoji afungwe ndipo mzibe. Katika Counter-Strike mtu wa kwanza kuingia mlangoni ndiye beki aliyepanda, na wa pili anatakiwa awe ameshaanza kutembea kabla wa kwanza hajapigwa.

Tuchukue mlango mmoja. Wa kwanza anaingia, anavuka kona ya karibu na kuendelea mbele, hasimami mlangoni. Akisimama mlangoni anawazibia wenzake, kwa sababu miili ya wachezaji wa timu moja inagongana. Wa pili anaingia sekunde moja nyuma yake, akielekeza bunduki pale ambapo wa kwanza hatazami. Kama wa kwanza kageukia kushoto, wewe ni kulia. Akipigwa, mara nyingi utamwona aliyempiga akiwa bado kamwelekea yeye, na hapo una sekunde moja ya kummaliza akiwa hajakugeukia.

Mambo manne yanaharibu hapo. La kwanza ni umbali: wa pili yuko sekunde nne nyuma, anafika adui ameshajaza risasi na kurudi kona yake. La pili ni kinyume chake: wa pili amegandana na wa kwanza kwenye mstari mmoja, na adui anawapata wote wawili kwa mmiminiko mmoja wa risasi. La tatu ni bunduki: mwenye AWP, bunduki ya mdunguzi, ametangulizwa, wakati AWP inaua kwa risasi moja ikiwa imesimama kwa mbali, na ikikosa inachukua zaidi ya sekunde moja kabla ya risasi inayofuata. Mwenye AWP asiwe wa kwanza kuvuka mlango. La nne ni roho. Kuna mchezaji anayebaki nyuma makusudi, anamwacha mwenzake afe apate taarifa, kisha anaua mmoja na kujivuna kwenye jedwali. Huyo mwambieni waziwazi, bila matusi, abadilishane: raundi inayofuata atangulie yeye.

Fanyeni zoezi hili. Fungueni seva yenu wenyewe, ondoeni boti (wachezaji wanaoendeshwa na kompyuta) kwa amri ya bot_kick, wawili washambulie mlango mmoja na mmoja alinde. Rudieni mara 20, kisha mbadilishane. Anayelinda anaruhusiwa kukaa popote. Wawili hesabuni ni mara ngapi wa kwanza alikufa, na kati ya hizo ni mara ngapi mlilipa. Mkianza mtalipa chache, halafu mtaona inavyopanda bila yeyote kuboresha shabaha yake. Ndiyo maana nalipenda zoezi hili kuliko yote nitakayoyataja leo.

Upande wa ulinzi hesabu ni ile ile, ila inatafsiriwa kwa kukaa. Walinzi wawili wa sehemu moja wasitazame kutoka upande mmoja. Adui akimgeukia mmoja, mwingine amwone ubavuni. Na ukishaua mmoja, hama. Kona uliyoulia imeshajulikana, flashi (bomu la mwanga linalopofusha) inakuja, na wa pili wao anaingia akiwa ameielekeza bunduki hapo hapo. Mlinzi wa ranki ya chini anaua mmoja, anasisimka, anachungulia tena kona ile ile na kufa. Kaua mmoja, kafa mmoja, na faida imekwisha.

Mkiwa watano kwa wanne, msiwinde. Hili nalisema kwa uzito. Walinzi wakiongoza kwa mtu mmoja, muda uko upande wao. Sekunde zikiisha bila bomu kutegwa, raundi ni yao. Hakuna sababu ya mlinzi kwenda kutafuta mtu peke yake. Ila ndivyo raundi nyingi zinavyotupwa: watano kwa wanne zinakuwa wanne kwa wanne, halafu watatu kwa wanne, halafu lawama zinaanza kwenye maiki.

Bomu likishategwa, hesabu inageuka. Linalipuka baada ya sekunde 40. Kutegua bila koleo ni sekunde 10, na kwa koleo ni sekunde 5. Kwa hiyo mlinzi asiye na koleo asipoanza ndani ya sekunde 30 za kwanza amechelewa, na mwenye koleo ana hadi sekunde 35. Walinzi tumieni sekunde kumi za kwanza kukusanyana, muingie pamoja kutoka pande mbili. Mmoja mmoja mtaliwa. Washambuliaji nanyi, baada ya kutega, kaeni mahali ambapo mnaonana au mnaona bomu kutoka pande mbili. Msikimbilie nje kutafuta mtu. Anayetakiwa kuja ni yeye.

Sasa fedha za ndani ya mchezo, za kununulia silaha kila raundi. Hapa ndipo vifo vingi vinaanza, kabla hata raundi haijaanza, na ndipo timu za mtaani zinapowazidi watu wenye shabaha nzuri.

Raundi ya kwanza kila mtu ana 800. Mkishinda raundi kila mmoja anapata 3,250, au 3,500 kama bomu lililipuka au liliteguliwa. Mkishindwa raundi hiyo ya kwanza, raundi ya bastola, mnapata 1,900, mkishindwa tena 2,400, kisha 2,900, kisha 3,400, na hapo haipandi tena. Kila mkishinda raundi, ngazi hiyo inashuka hatua moja. Kuua kwa bunduki kubwa za kawaida kunalipa 300, kwa bunduki ndogo za kasi kama MAC-10 na MP9 kunalipa 600, na kwa AWP 100 tu. Aliyetega bomu anapata 300 zake.

Sasa bei. Mshambuliaji aliyekamilika ana AK-47 ya 2,700, fulana na kofia za kuzuia risasi 1,000, bomu la moshi 300, flashi 200, chupa ya moto 400: jumla 4,600. Mlinzi ana M4A1-S ya 2,900, fulana na kofia 1,000, koleo 400, moshi 300, flashi 200: jumla 4,800. Namba hizi mbili zikae kichwani.

Tuseme mko upande wa mashambulizi, mmepoteza bastola na mifuko imebaki mitupu. Kila mmoja ana 1,900. Wawili wanasema tubane, yaani tusinunue, watatu wanafosi, yaani wananunua kwa kilichopo. Wanaofosi wananunua vitu nusunusu na timu inashindwa. Raundi ya tatu waliofosi wana 2,400, hazitoshi hata AK na fulana. Waliobana wana 4,300: AK, fulana na kofia, moshi na flashi, na 100 inabaki. Kwa hiyo raundi ya tatu mna watu wawili wenye silaha na watatu wenye bastola, dhidi ya watano waliojaa. Mtapoteza, na ya nne inaanza vibaya pia. Wangebana wote, wote watano wangekuwa na 4,300. Na hata kufosi si dhambi. Timu kubwa zinafosi raundi ya pili mara nyingi. Kinachoua ni watano kutofanya kitu kimoja. Uamuzi mbovu wa pamoja una nafuu kuliko uamuzi mzuri wa watu wawili. Chagueni mmoja wa kutazama fedha za wote, aseme neno moja mwanzo wa raundi: tunanunua, tunabana, au tunafosi. Wengine watii. Mwenye ziada amnunulie aliyepungukiwa na kumdondoshea bunduki.

Kuna mambo madogo ya fedha ambayo wachache wanayatumia. Risasi moja ya kichwa ya AK inaua hata mwenye kofia, na ya M4 haimwui mwenye kofia. Kwa hiyo mlinzi aliyebanwa na fedha, akijua adui wote wana AK, anaweza kununua fulana peke yake kwa 650 na kubakiza 350 za moshi. Lakini kama adui wako kwenye bastola au bunduki ndogo, kofia ni lazima. Jingine: mshambuliaji aliyebaki hai muda ukaisha bila bomu kutegwa halipwi chochote raundi hiyo. Kujificha mpaka saa iishe na bunduki mkononi kuna faida kama bunduki hiyo ni ya thamani, vinginevyo umejinyima mshahara. Mlinzi aliyebaki peke yake dhidi ya watatu, bomu limetegwa, ana M4 na fulana: aondoke nayo. Kwenda kufa kishujaa pale kunaigharimu timu bunduki nzima raundi inayofuata.

Kuhusu mkono wenyewe nitasema machache, kwa sababu mambo ya shabaha mnayasikia kila siku.

Kasi ya mausi: pimeni kwa rula. Mausi yenye DPI (kipimo cha wepesi wa mausi) 800 na kasi 1.0 ndani ya mchezo inahitaji isogezwe karibu sentimita 52 ili ugeuke duara zima. Ukiweka kasi 3.0, sentimita 17 tu zinakugeuza, na hapo mtetemo mdogo wa kidole unakuondoa kichwani mwa mtu. Anzieni kati ya sentimita 30 na 60, kisha msibadilishe kwa wiki kadhaa. Anayebadilisha kila akifungwa hatajua kamwe kosa lilikuwa wapi. Katika kumbi za kulipia, andikeni DPI na kasi yenu kwenye karatasi mkae nayo, maana kila mashine ina mausi yake.

Alama ya kulenga iwe kwenye kimo cha kichwa muda wote unapotembea, na ielekee pale adui atakapotokea. Wanaoanza wanatazama sakafu, adui akitokea wanaivuta juu na kuchelewa. Kabla ya kupiga, simama. Unakwenda kushoto kwa kitufe cha A, na kulia kwa D. Achia A, gusa D mara moja, mwili unasimama papo hapo, ndipo piga. Ukiachia tu bila kugusa, mwili unateleza kidogo na risasi ya kwanza inakwenda kando. Kupiga huku unakimbia ni kupoteza risasi, isipokuwa kwa bunduki ndogo ukiwa karibu sana.

AK inatoa risasi 10 kwa sekunde, kwa hiyo magazini ya 30 inaisha kwa sekunde 3. Mtutu unapanda kwanza, ndipo unaanza kuyumba pembeni. Kwa mbali pigeni moja moja au mbili mbili, kwa karibu vuteni mausi chini. Na tafadhali, acheni kujaza risasi kila mkiua mtu. Kujaza AK kunachukua karibu sekunde mbili na nusu, na wa pili wao anakuja ndani ya muda huo huo. Kama magazini ina risasi 18, zinatosha. Hama kwanza, jaza ukiwa nyuma ya ukuta.

Moshi na flashi: moshi mitatu unayoijua bila kukosea kwenye ramani moja inashinda moshi 20 uliyoiona kwenye video. Anzeni na ramani mbili, Dust2 na Mirage kwa mfano, au zozote mnazozipenda katika saba zinazochezwa Premier, maana timu zinaziondoa kwa zamu hadi ibaki moja. Katika toleo hili bomu la mkono likilipuka ndani ya moshi linafungua tundu kwa muda mfupi, kwa hiyo usijione salama kwa kuwa tu kuna moshi mbele yako. Flashi irushwe na wa pili kwa ajili ya wa kwanza. Sema "flashi" kabla haijatoka mkononi, la sivyo unampofusha mwenzako na adui anamuua.

Maiki. Mkicheza watano kutoka huku mtaongea Kiswahili, raha iliyoje. Mkipangwa na wageni, Kiingereza cha maneno manne kinatosha. Taarifa ina vitu vitatu: mahali, wangapi, na damu, yaani uhai, iliyobaki. "B mlangoni, wawili, mmoja damu thelathini." Basi. Ukishakufa, sema hayo kisha nyamaza. Kama amebaki mtu mmoja hai, wanne wote kimya kabisa, kwa sababu anasikiliza nyayo. Kwa sababu hiyo hiyo, tumieni hedifoni. Spika za mezani zinachanganya kushoto na kulia, na ukumbi wenye mashine kumi na spika wazi unawapa adui na rafiki sauti moja.

Jambo la akaunti nalipitia haraka. Usinunue akaunti yenye ranki; utapangwa na watu wanaokuzidi na utashuka mpaka mahali pako, ukiwa umeshatoa fedha. Usicheze kwenye mashine yenye programu za kuibia mchezo, hata kama si zako, maana ikikamatwa ikiwa wazi, inayofungwa ni akaunti iliyoingia, na kifungo hicho hakiishi. Washeni uthibitisho wa Steam kwenye simu, na mtoke kwenye akaunti kabla ya kuondoka ukumbini.

La mwisho ni daftari. Kila mechi ya Premier inaweza kupakuliwa na kutazamwa upya ndani ya mchezo wenyewe. Msitazame yote. Rukeni moja kwa moja kwenye kifo chenu cha raundi ya kwanza, kisha ya pili, mpaka mwisho. Kwa kila kifo andikeni herufi moja tu. P kama ulikuwa peke yako na hakuna aliyeweza kukulipa. F kama ulinunua tofauti na wenzako. J kama ulikuwa unajaza risasi. K kama ulikuwa unakimbia huku unapiga. R kama ulirudi kwenye kona uliyoulia. S kama ulilipwa ndani ya sekunde mbili, hicho hakina kosa. Kilichobaki, adui kakuzidi tu, wekeni mstari.

Mechi tano zinatosha kuanza kuona. Mwenye P nyingi afanye lile zoezi la mlango na mwenzake kabla ya kila mechi. Mwenye J au K acheze mapigano huru dakika 15 bila kujaza magazini iliyo nusu na bila kupiga akiwa anatembea, asijali atakufa mara ngapi. Mwenye F asimlaumu mtu, akae na timu yake waamue nani anatazama fedha. Na mkipoteza mechi mbili mfululizo, siku hiyo ya ranki imekwisha. Fungueni za zamani muandike herufi.

Mashine ziko kumi hapo nyuma, na Dust2 imeshafunguliwa kwenye zote. Wawili wawili, mlango wa B, mara 20. Walioko mstari wa mbele waanze.